Benjamin Graham: Bingwa wa kuchagua hisa aliyewashauri wengine wasichague

Na Mwandishi Wetu

MJANE mmoja jijini New York, Marekani, alipoteza mwaka 1907 fedha alizokuwa ameziweka katika hisa. Alikuwa amezinunua kwa mkopo wa dalali, akitumaini kwamba bei zikipanda zitamsaidia kulea wanawe watatu. Bei hazikupanda. Soko liliporomoka katika mtikisiko wa fedha wa mwaka huo, akaunti yake ikafutika, naye akabaki mikono mitupu.

Mjane huyo aliitwa Dorothy Grossbaum. Kitindamimba wake, aliyekuwa na umri wa miaka 13 wakati huo, ndiye ambaye baadaye ulimwengu wa fedha ulimfahamu kwa jina la Benjamin Graham.

Wanaofuatilia masoko ya hisa humtaja Graham kuwa ndiye baba wa taaluma ya uchambuzi wa hisa, na mwalimu wa tajiri maarufu Warren Buffett. Sifa zote mbili ni za kweli. Lakini lipo jambo jingine katika maisha yake ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ndilo linalomgusa zaidi mfanyakazi mwenye akiba ndogo. Baada ya zaidi ya miaka 60 sokoni, mtu aliyejua kuchagua hisa kuliko takriban wote wa zama zake aliwashauri watu wa kawaida waache kushindana na soko. Alitaka wamiliki hisa za kampuni kubwa, nyingi kwa pamoja, kwa gharama ndogo, na kama hawana muda wala maarifa ya kufanya hivyo, wapitie kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Mfuko wa aina hiyo ni kama mchango wa watu wengi. Fedha zao hukusanywa, meneja huzitumia kununua hisa za kampuni mbalimbali, na kila mchangiaji humiliki vipande kulingana na alichotoa. Anayetaka kutoka huvirejesha vipande vyake kwenye mfuko na kulipwa thamani ya siku hiyo. Kwa wasomaji wa Tanzania utaratibu huu si mgeni tangu ulipoanzishwa Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Huko Marekani, mfuko wa kwanza wa namna hii, Massachusetts Investors Trust, ulizinduliwa mjini Boston mwaka 1924. Wakati huo Graham alikuwa ameshatimiza miaka kumi katika mtaa wa Wall Street.

Alizaliwa jijini London, Uingereza, Mei 8, 1894, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu familia yake ilipohamia New York. Baba yake, Isaac, alifanya biashara ya kuingiza vyombo vya kauri kutoka Ulaya, na kwa miaka michache familia iliishi maisha ya raha, yenye watumishi na likizo za kiangazi.

Neema hiyo ilikatika mwaka 1903. Isaac alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 35 tu, na Benjamin hakuwa hata ametimiza miaka tisa. Biashara ya vyombo ilidorora. Dorothy alijaribu kuendesha nyumba ya kupangisha vyumba, nayo ikashindwa. Ndipo alipogeukia hisa, zikiwamo za kampuni ya chuma ya U.S. Steel, na kukutwa na dhoruba ya mwaka 1907.

Graham alikumbuka hadi uzeeni jinsi alivyotumwa benki na mama yake akiwa na hundi ndogo, na jinsi karani alivyouliza mbele ya watu iwapo mama huyo anaaminika kwa dola tano. Kwa mtoto, aibu kama hiyo haisahauliki kirahisi. Si ajabu kwamba kazi yake yote ya baadaye ilihusu swali moja, nalo ni namna gani mtu anaweza kuweka fedha zake katika hisa pasipo kuhatarisha maisha yake.

Darasani alikuwa na akili za kupigiwa mfano. Aliomba ufadhili katika Chuo Kikuu cha Columbia, akanyimwa kwa sababu ya kosa la makarani waliomchanganya na binamu yake mwenye jina la ukoo kama lake, aliyekuwa tayari akisoma pale kwa ufadhili. Kosa liligundulika baadaye, akaingia chuoni, na akamaliza mwaka 1914 akiwa na umri wa miaka 20, akishika nafasi ya pili katika kundi lake.

Idara tatu tofauti za chuo hicho, yaani Kiingereza, falsafa na hisabati, zilimtaka abaki kufundisha. Ni watu wachache mno waliowahi kupata heshima hiyo. Hata hivyo, familia ilihitaji fedha, na mkuu wa chuo alimshauri aende Wall Street. Alianza kazi katika kampuni ya udalali ya Newburger, Henderson & Loeb kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki, akiwa mtu wa kutumwatumwa katika idara ya hatifungani.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majina yenye sauti ya Kijerumani yalikuwa yakitazamwa kwa jicho baya nchini Marekani. Familia ya Grossbaum ikabadili jina na kuwa Graham.

Ili kufahamu alichokifanya kijana huyu, yafaa kukumbuka hali ya soko la hisa la zama hizo. Hatifungani ndizo zilizohesabiwa kuwa uwekezaji wa watu makini, hasa za kampuni za reli. Hisa zilichukuliwa kuwa mchezo wa watu wa ndani, wenye kupenyezewa habari kabla ya wengine. Kampuni nyingi hazikulazimika kutoa taarifa kamili za hesabu zake, na mnunuzi wa kawaida aliongozwa na uvumi.

Graham alianza kusoma mizania. Mwaka 1915, kampuni ya Guggenheim Exploration ilipanga kuvunjwa na kugawa mali zake kwa wenye hisa. Mali hizo zilikuwa hasa ni hisa za kampuni za shaba zilizokuwa zikiuzwa sokoni kila siku. Graham alipiga hesabu, akaona kwamba hisa moja ya Guggenheim ilikuwa ikiuzwa dola 68.88 ilhali mali iliyo nyuma yake ilikuwa na thamani ya dola 76.23. Anayenunua hisa ya Guggenheim na papo hapo kuuza kiasi kinacholingana cha hisa za zile kampuni za shaba alikuwa na uhakika wa faida ya zaidi ya dola saba kwa kila hisa, mradi mpango wa kuivunja kampuni ukamilike. Ulikamilika.

Mwaka 1920 alifanywa mbia wa kampuni iliyomwajiri. Mwaka 1926 alikuwa amejitegemea, akiendesha mfuko wake mwenyewe ulioitwa Benjamin Graham Joint Account, na muda si mrefu akaungana naye Jerome Newman, ambaye alikuja kuwa mshirika wake kwa miaka yote iliyofuata. Newman alikuwa mkali katika majadiliano ya biashara. Graham alipendelea vitabu na hesabu.

Kisa kinachosimuliwa zaidi cha kipindi hicho ni kile cha Northern Pipe Line, moja ya kampuni za mabomba ya mafuta zilizozaliwa baada ya serikali kuivunja Standard Oil mwaka 1911. Graham alisafiri hadi Washington na kuomba kuona taarifa ambazo kampuni hizo zilikuwa zikiziwasilisha kwa tume ya serikali ya usafirishaji. Taarifa hizo zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kuziomba, ila katika Wall Street hakuna aliyejisumbua kwenda kuziomba.

Humo akakuta kwamba Northern Pipe Line, ambayo hisa yake iliuzwa dola 65, ilikuwa na hatifungani za reli na mali nyingine zinazouzika kirahisi zenye thamani ya takriban dola 95 kwa kila hisa. Fedha hizo hazikuhitajika katika kuendesha mabomba. Graham akawataka wakurugenzi wazirejeshe kwa wenye mali, yaani wenye hisa. Wakamkatalia, na kumweleza kwamba asiyependa uendeshaji wa kampuni auze hisa zake aondoke.

Alikwenda katika mkutano mkuu wa mwaka 1927 akiwa peke yake na hakupata hata mtu wa kuunga mkono hoja yake. Mwaka uliofuata alirejea akiwa na mwanasheria na kura za wenye hisa wengi aliokuwa amewatembelea mmoja mmoja, akajinyakulia viti viwili kati ya vitano vya bodi. Hatimaye kampuni iligawa dola 70 kwa kila hisa, na kila mwenye hisa akabaki na hisa yake yenye thamani mkononi.

Mwaka 1929 ulipoingia, Joint Account ilikuwa na dola milioni 2.5. Graham, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alikodi makazi ya kifahari ya vyumba kumi katika jengo jipya la Beresford kwa mkataba wa miaka kumi, kodi ikiwa ni dola 11,000 kwa mwaka. Tajiri Bernard Baruch alimtaka wawe washirika, akakataa. Alikuwa na mafanikio yake mwenyewe.

Fahirisi ya Dow Jones, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa, ilifikia kilele cha alama 381 Septemba 3, 1929. Julai 8, 1932 ilikuwa imeshuka hadi alama 41. Aliyewekeza dola 100 kileleni alibakiwa na takriban dola 11. Ilichukua hadi Novemba 1954, robo karne nzima, fahirisi hiyo kurudi ilipokuwa.

Graham hakusalimika. Alikuwa ameona kwamba bei zilikuwa za juu kupita kiasi, lakini naye, kama mama yake, alikuwa akitumia sehemu ya fedha za mkopo. Mfuko wake ulipoteza asilimia 20 mwaka 1929, asilimia 50 mwaka 1930, asilimia 16 mwaka 1931 na asilimia 3 mwaka 1932. Kwa jumla, takriban asilimia 70 ya fedha alizokabidhiwa ziliyeyuka.

Mwaka 1930 ndio uliomuumiza zaidi. Bei zilikuwa zimeshashuka sana, akaamini kwamba mabaya yamepita, akaongeza ununuzi. Mabaya yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Mkataba wake na wateja ulisema kwamba yeye na Newman hawalipwi chochote hadi hasara yote ifidiwe. Kwa miaka mitano Graham hakupata ujira kutokana na mfuko huo. Aliyahama makazi ya Beresford, akaishi kwa kufundisha, kuandika makala na kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani kuhusu thamani za kampuni. Baba mkwe wa Newman aliongeza mtaji mfuko usife. Wangeweza kuufunga, kama wengi walivyofanya, na kuanza upya bila deni kwa mtu. Hawakufanya hivyo, na kufikia mwisho wa mwaka 1935 hasara ilikuwa imefidiwa.

Katikati ya giza hilo ndipo ilipofanyika kazi yake kubwa. Tangu mwaka 1928 alikuwa akifundisha jioni katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mhadhiri kijana, David Dodd, aliandika kila kilichosemwa darasani, na mwaka 1934 wawili hao walichapisha kitabu kiitwacho Security Analysis. Ni kitabu kinene na kizito, kilichotoka wakati ambao watu wengi hawakutaka hata kulisikia neno hisa.

Miaka miwili kabla yake, Graham alikuwa ameandika mfululizo wa makala katika jarida la Forbes. Aliongoza uchunguzi wa kampuni za viwanda zipatazo 600 zilizoorodheshwa katika soko la New York, na kukuta kwamba zaidi ya 200 ziliuzwa kwa bei iliyo chini ya fedha, bidhaa na madai yao baada ya kutoa madeni yote. Yaani mnunuzi alipata kiwanda, ardhi na mashine bure. Zaidi ya 50 kati yake ziliuzwa kwa bei ndogo kuliko fedha taslimu na dhamana walizokuwa nazo. Mtu angeweza kuinunua kampuni nzima, akalipia kwa fedha za kampuni hiyohiyo, na bado akabakiwa na chenji.

Kutokana na uzoefu huo aliunda fundisho lake kuu, ambalo tunaweza kuliita pengo la usalama. Hesabu za thamani ya kampuni ni za makadirio, na makadirio hukosewa. Kwa hiyo anayeamini kwamba hisa ina thamani ya shilingi 100 asiinunue kwa shilingi 98, bali asubiri hadi iuzwe 60 au 65. Akiwa amekosea kidogo, pengo hilo litamlinda. Fundi seremala hufanya vivyo hivyo anapojua kwamba kitanda kitalaliwa na watu wawili, lakini akakitengeneza kiwe na uwezo wa kubeba wanne.

Mwaka 1936 yeye na Newman walianzisha Graham-Newman Corporation, mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliokuja kusimamiwa chini ya sheria ya kampuni za uwekezaji ya mwaka 1940, sheria ambayo ndiyo iliyoweka misingi ya mifuko ya Marekani. Haukuwahi kuwa mfuko mkubwa. Hata miaka ya 1950 ulikuwa na dola milioni chache tu. Lakini kati ya mwaka 1936 na 1956 uliwapatia wanachama wake faida isiyopungua asilimia 14.7 kwa mwaka, wakati soko kwa ujumla lilitoa asilimia 12.2.

Hesabu hiyo haihusishi uwekezaji mmoja wa ajabu. Mwaka 1948 mfuko ulinunua nusu ya kampuni ya bima ya magari ya GEICO, iliyowahudumia watumishi wa serikali, kwa takriban dola 712,000. Kwa mtu aliyehubiri kutawanya fedha katika kampuni nyingi, kuweka kati ya asilimia 20 na 25 ya mfuko mahali pamoja lilikuwa jambo la kushangaza. Isitoshe, baadaye ikabainika kwamba sheria ilikataza mfuko kumiliki zaidi ya asilimia 10 ya kampuni ya bima. Graham-Newman ikalazimika kuzigawa hisa hizo kwa wanachama wake.

Waliozitunza walitajirika. Kwa miaka iliyofuata bei ilipanda zaidi ya mara 200, na Graham mwenyewe alikiri baadaye kwamba faida ya uamuzi huo mmoja ilizidi faida ya maamuzi yote mengine ya miaka 20, yaliyofanywa kwa uchunguzi na mjadala usio na mwisho. Mtu mwingine angejisifu. Yeye aliliweka jambo hilo mwishoni mwa kitabu chake na kuwaacha wasomaji waamue iwapo ni bahati au ni akili.

Kitabu hicho ni The Intelligent Investor, kilichotoka mwaka 1949. Tofauti na kile cha kwanza, hiki aliwaandikia watu wasio wataalamu. Humo ndimo alimomtambulisha Bwana Soko, mbia wa kubuni mwenye maradhi ya hisia, ambaye kila siku hubisha hodi na kutaja bei ya kununua au kuuza sehemu yake ya biashara. Siku akiwa na furaha hutaja bei za juu ajabu, na siku akiwa na huzuni huwa tayari kugawa mali yake kwa bei ya kutupa. Mwekezaji halazimiki kumsikiliza. Anaweza kumfungulia mlango pale tu bei inapomfaa.

Aidha, kitabu kiliwagawa wawekezaji katika makundi mawili. Lipo kundi la wenye juhudi, walio tayari kuifanya kazi ya hisa kama kazi ya ofisini. Lipo na kundi la wenye kujihami, yaani daktari, mwalimu, mjane, wenye shughuli nyingine maishani. Kundi la pili ndilo kubwa, na ushauri wake kwao ulikuwa mfupi. Wagawe akiba yao kati ya hatifungani na hisa, upande wowote usipungue asilimia 25 wala kuzidi 75. Hisa ziwe za kampuni kubwa, mashuhuri, zisizolemewa na madeni na zenye historia ndefu ya kutoa gawio, kati ya kampuni 10 na 30. Wanunue kwa kiasi kilekile kila mwezi au kila robo mwaka, bila kujali kelele za soko, ili fedha zilezile zipate hisa nyingi bei inaposhuka na chache inapopanda.

Kwa nini kampuni kubwa? Graham hakuamini kwamba ukubwa ni dawa, kwani aliwahi kuona kubwa zikianguka. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni kubwa yenye mtaji imara huweza kuvuka miaka mibaya, na kwamba habari zake ziko wazi kuliko za kampuni ndogo. Alionya papo hapo kwamba hata kampuni bora huwa uwekezaji mbaya ikinunuliwa kwa bei ya kupindukia, na onyo hilo hupuuzwa katika kila kizazi.

Mmoja wa waliokisoma kitabu hicho alikuwa kijana wa Omaha, Nebraska, aitwaye Warren Buffett. Alijiunga na Columbia mwaka 1950 ili tu afundishwe na Graham, akaongoza darasa, akaomba kumfanyia kazi bila malipo na kukataliwa. Alipokelewa hatimaye mwaka 1954. Miaka miwili baadaye Graham alistaafu na kuufunga mfuko wake, akahamia California, ambako aliendelea kufundisha katika chuo kikuu cha Los Angeles.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na pengo la usalama. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alifariki mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka minane. Mwingine, aliyepewa jina lilelile la Newton, alifariki akiwa askari nchini Ufaransa mwaka 1954. Alioa mara tatu. Waliomfahamu walimwona mkarimu na mpole, lakini mwenye akili iliyokuwa mbali na waliomzunguka. Aliandika tamthilia iliyochezwa Broadway mwaka 1934 na kufungwa baada ya maonesho manne, akabuni mpango wa sarafu ya kimataifa inayotegemea bidhaa, na alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 alitafsiri kutoka Kihispania riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay. Fedha kwa ajili ya fedha hazikumvutia sana.

Tukirejea kwenye mifuko, miaka ya 1960 ilikuwa ya wazimu nchini Marekani. Mameneja vijana walianzisha mifuko iliyoahidi kulishinda soko, na umma ukawafuata. Mwaka 1966, Gerald Tsai alitarajia kukusanya dola milioni 25 kwa ajili ya mfuko wake uitwao Manhattan Fund. Watu walimletea milioni 247. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa imetoweka, na Tsai alikuwa ameshauza kampuni yake na kuondoka.

Katika toleo la mwaka 1973 la kitabu chake, la mwisho aliloliandika mwenyewe, Graham aliupitia mfuko wa Tsai na wenzake kwa utulivu wa mkaguzi wa hesabu. Alitazama pia mifuko kumi mikubwa kuliko yote katika miaka ya 1961 hadi 1970. Matokeo yao yakijumlishwa hayakutofautiana sana na fahirisi ya kampuni 500 ya Standard & Poor's. Wataalamu wote wale, na ofisi zao na wachambuzi wao, hawakuweza kufanya zaidi ya wastani.

Na mchangiaji hakupata hata wastani huo. Mifuko mingi ilimtoza ada ya kuingia ya takriban asilimia 8.5, hivyo aliyetoa dola 1,000 aliwekezewa dola 915 tu. Graham alishauri kwamba mwenye kutaka mfuko ni heri atafute ile yenye idadi maalumu ya hisa zinazouzwa sokoni, ambayo nyakati hizo ilipatikana kwa bei iliyo chini ya thamani ya mali zake kwa asilimia 10 hadi 15.

Hata hivyo hakuipuuza mifuko, na hapa ndipo uungwana wake unapoonekana. Alisema kwamba kwa ujumla imewafaa watu, kwa sababu imewazoeza kuweka akiba na kuwakinga na makosa makubwa zaidi ambayo wangeyafanya wenyewe. Mtu wa kawaida anayenunua hisa peke yake kwa uvumi na tamaa alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliye ndani ya mfuko wa kawaida usio na makuu. Aliyeandika hayo alikuwa mtoto wa Dorothy Grossbaum.

Mwaka 1976, miezi michache kabla ya kufariki, aliulizwa katika mahojiano na jarida la wachambuzi wa fedha iwapo bado aliamini katika uchambuzi wa kina wa hisa moja moja. Alijibu kwamba hapana, si kwa kiwango cha zamani. Wakati alipokiandika kitabu chake, mizania ilisomwa na wachache, na aliyejisumbua alilipwa. Sasa maelfu ya watu walikuwa wakiisoma mizania hiyohiyo, na ilikuwa vigumu kwa juhudi hizo kulipa gharama zake. Alikubali kwamba mameneja wa taasisi wanaotaka kuwa wakweli waridhike na kile ambacho fahirisi inatoa, na kwamba wateja wana haki ya kudai angalau hicho.

Jambo hilo halikuwa tena nadharia. Mwaka 1971 benki ya Wells Fargo ilikuwa imeanza kuendesha fedha za pensheni za kampuni moja kwa kununua hisa bila kuchagua. Na Agosti 31, 1976, John Bogle wa kampuni ya Vanguard alifunga mauzo ya awali ya First Index Investment Trust, mfuko wa kwanza wa fahirisi kwa watu binafsi, uliokusudiwa kumiliki zile kampuni 500 za Standard & Poor's na kukaa nazo. Ulitarajiwa kukusanya dola milioni 150. Ulipata milioni 11.3, na katika Wall Street watu wakaucheka.

Siku 21 baadaye, Graham alifariki dunia katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 82. Hisa za GEICO, zilizokuwa zimefikia dola 61 mwaka 1972, zilikuwa zimeanguka hadi karibu dola mbili kutokana na hasara za bima, na kampuni ilikaribia kufilisika. Buffett alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzinunua.